Fajita za watu 40 nyumbani: nyama, ndimu, moto na kisu (uzi mrefu)

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mahafali ya binti wa dada yangu hapa Houston, na kwa mara ya sita sasa nimechoma fajita za watu wengi uani kwetu. Walikuja 40, wakala, wakabeba na za kupeleka nyumbani. Tangu siku hiyo watu watatu wameniomba maelekezo kwa simu, na nikieleza kwa simu naacha mambo ya muhimu. Nimeona niyaweke hapa yote. Mwenye swali aulize, nitajibu nikitoka kazini, niko zamu ya usiku wiki hii.

Kwanza fajita ni nini, maana hata hapa Texas wengi wanadhani ni jina la namna ya kupika. Neno ni la Kihispania. Faja ni mshipi wa kiunoni, fajita ni kijishipi. Ni jina la kipande cha nyama: msuli wa kiwambo cha ng'ombe, ule unaotenganisha kifua na tumbo. Ni mrefu, mwembamba, ukiutandaza mezani unafanana na mshipi kweli. Kwenye ranchi za kusini mwa Texas, kandokando ya mto Rio Grande, wachunga ng'ombe wa Kimexico walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa vile ambavyo mwenye ranchi hakuvitaka: ngozi, kichwa, matumbo, na msuli huo. Wao ndio waliojua namna ya kuuchoma juu ya moto wa kuni na kuukunja ndani ya tortilla, mkate wao mwembamba kama chapati.

Kwa miaka mingi kilibaki chakula chao cha nyumbani. Mwaka 1969 Sonny Falcon, aliyekuwa meneja wa bucha Austin, aliweka banda kwenye sherehe ya mji mdogo wa Kyle akawauzia watu. Mwaka 1973 mjane mmoja wa hapa Houston, Ninfa Laurenzo, alikuwa na kiwanda kidogo cha tortilla mtaa wa Navigation na biashara imelegea, akaweka meza 10 hapohapo kiwandani akaanza kuuza nyama hiyo ya kuchoma. Mwaka 1982 hoteli ya Hyatt ya Austin ikaanza kuileta mezani kwenye kikaango cha chuma inachachatika, na kuanzia hapo kila mtu akaitaka. Bei ikapanda. Kipande walichopewa wachungaji kwa sababu hakuna aliyekitaka, leo ukiingia buchani unakikuta ghali kuliko vipande vingi vya steki.

Nimeanza na hayo kwa sababu moja. Nyama hii ina ladha kubwa lakini ni ngumu, nyuzi zake ni nene na zote zimelala upande mmoja. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa chini ni njia ya kuushughulikia ugumu huo. Ukilielewa hilo hutahitaji kukariri vipimo vyangu.

Hesabu ya watu 40, watu wazima na watoto wachache: kilo 10 za nyama mbichi, yaani paundi 22 kwa vipimo vya huku. Ni kama gramu 250 kwa kila mtu. Usiogope, kuna mafuta na ngozi ya juu utakayoondoa, halafu motoni inapungua tena, takriban robo ya uzito. Mimi nagawa kilo 6 za ng'ombe na kilo 4 za mapaja ya kuku yasiyo na mfupa. Tortilla za ngano ndogo, tatu kwa kila mtu, kwa hiyo 120. Pilipili hoho 15, vitunguu maji vikubwa 10. Parachichi 16. Kachumbari sinia zima, na wenyewe wanaiita pico de gallo: nyanya, kitunguu, pilipili kali, kotimiri, ndimu na chumvi. Hapo hakuna Mswahili wa kufundishwa.

Nitaendelea na kulowesha nyama. Niacheni nilale kwanza.

Pweza Mkavu

Mkuu asante kwa uzi. Niko Tanga, nachoma mishkaki ya biashara jioni. Sisi nyama ngumu dawa yake papai bichi la kusaga, tangawizi na thomu, ikilala usiku asubuhi imekuwa laini. Je, papai linafaa kwenye hizo fajita? Na pili, nikienda buchani niombe nini? Nikisema kiwambo sidhani kama atanielewa.

Mleta uzi

Mkuu Pweza, maswali yote mawili ni mazuri.

Papai linafanya kazi, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Maji ya papai bichi yana kimeng'enya kinachokata protini za nyama. Kwenye mishkaki unakuwa na kipande kinene cha mraba, papai linakula pembeni na katikati panabaki. Hii nyama ya fajita unene wake ni sentimita moja na nusu, pengine mbili. Papai likilala usiku kucha litaila mpaka katikati, na ukiichoma inakuwa kama ini lililopondeka, haina kutafuna kabisa. Ukitaka kutumia, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, na nusu saa tu kabla ya kuchoma. Nanasi bichi nalo vivyo hivyo.

Buchani usiseme jina, onyesha kwa mkono. Mwambie unataka ule msuli mwembamba unaokaa ndani ya mbavu, unaotenganisha moyo na mapafu na sehemu ya utumbo. Kila ng'ombe ana michache tu kwa hiyo kwa watu 40 utapaswa kuagiza mapema. Usipoupata, chukua nyama ya tumbo upande wa ubavu, ile bapa yenye nyuzi ndefu, au steki ya kawaida ikatwe bapa nyembamba. Sarara usiichukue. Ni laini mno na ghali, na utaipotezea ladha yake kwa ndimu na bizari bila sababu.

Huku kuna mishipi ya aina mbili, wa nje na wa ndani. Wa nje ndio kiwambo chenyewe, mwembamba na mrefu, una ngozi nyeupe juu ambayo lazima uivue kwa kisu na vidole, vinginevyo ikipata moto inajikunyata na kuikunja nyama yote. Wa ndani ni mpana zaidi, unatoka ukuta wa tumbo, na ni mgumu zaidi. Kuvua ngozi kilo 6 kunanichukua saa nzima na nusu. Nafanya usiku wa kuamkia shughuli, kila mtu akiwa amelala.

Sasa kulowesha. Kwa kila kilo moja ya nyama ya ng'ombe:

Maji ya ndimu mbili, kama robo kikombe. Mafuta ya alizeti robo kikombe. Sosi ya soya vijiko viwili vya chakula. Thomu punje nne au tano zilizopondwa. Bizari nyembamba ya kusaga vijiko viwili vya chai. Pilipili ya unga kijiko kimoja cha chai. Pilipili manga nusu. Sukari kijiko kimoja cha chai, inasaidia rangi. Chumvi kijiko kimoja cha chai, usizidishe kwa sababu sosi ya soya ina chumvi yake.

Mahali ambapo watu wengi wanaharibu ni pale wanapozidisha kila kitu mara sita kwa sababu nyama ni kilo sita. Chumvi na sosi ya soya vifuate uzito, hapo sawa, maana chumvi ndiyo inayoingia ndani ya nyama. Ndimu, mafuta na viungo vingine vinakaa juu tu, kazi yake ni kupaka. Kwa kilo 6 mimi natumia ndimu 8, si 12. Nyama ikiogelea kwenye ndimu inageuka kijivu, inakuwa kama imeiva nje kabla haijaona moto. Mara yangu ya kwanza niliilaza kwenye ndimu tangu usiku mpaka saa 9 alasiri. Juu ikawa inamumunyika kama unga, ndani ikawa ngumu vilevile. Walikula kwa heshima, lakini niliona sahani zilivyorudi. Kuanzia siku hiyo ng'ombe nampa saa 2 mpaka 4, basi.

Na chombo. Tafadhali usiloweshe kwenye sufuria la alumini. Ndimu na alumini zinagombana, nyama inachukua ladha ya bati. Tumia beseni la plastiki safi la jikoni, bakuli la kioo, au mifuko mikubwa ya plastiki yenye kufungwa, ndiyo mizuri zaidi kwa sababu unaibana hewa yote ikatoka na viungo vinagusa kila mahali. Kuku kwenye beseni lake, ng'ombe kwenye lake. Vyote ndani ya friji au kwenye sanduku la barafu.

Baringo Kwetu

Ndugu, swali kuhusu moto. Nimesikia wanasema fajita ya kweli inachomwa kwa kuni za mesquite. Huo si ndugu wa mathenge, ule mti wetu wa miiba huku Baringo, Kenya?

Mleta uzi

Ndugu wa Baringo umenifurahisha sana. Ndiyo, ni ukoo mmoja, jenasi ya Prosopis. Ule wa Texas ni Prosopis glandulosa, na mathenge wenu ni Prosopis juliflora, walioupanda huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa.

Baringo Kwetu

Na ukatumeza. Wazee wa jamii ya Kiilchamus ya huku walienda mahakamani 2006 na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda ya mbegu zake yenye sukari. Malisho yamefungwa, miiba inatoboa kwato na tairi. Lakini makaa yake ni mazito, yanawaka kwa muda mrefu, na wengi sasa wanaishi kwa kuyauza. Sikuwahi kufikiri kuna mahali watu wanayasifia kwa nyama.

Mleta uzi

Wafugaji wa Texas nao wanaulalamikia mti huo huo, unavamia malisho yao vilevile. Ila jikoni wanaupenda. Moto wake ni mkali sana na moshi wake una utamu fulani wenye nguvu, kwa hiyo unafaa nyama inayokaa motoni dakika chache. Kwa nyama ya kuchomwa polepole saa nyingi unaweza kuleta uchungu. Kama una makaa ya mathenge, ndugu, una kitu ambacho hapa Houston nanunua kwa mfuko.

Moto wenyewe sasa. Rundika makaa upande mmoja wa jiko, upande wa pili acha kitupu. Kama unatumia pipa lililopasuliwa ni rahisi zaidi. Upande wa makaa uwe mkali kiasi kwamba ukiweka kiganja juu ya wavu huvumilii zaidi ya sekunde mbili. Upande mtupu ni wa kukimbilia: mafuta yakidondoka na moto ukaruka, vuta nyama huko. Usimwagie maji, majivu yatapanda kwenye chakula.

Kabla ya kuweka nyama, itoe kwenye viungo, ikung'ute, halafu ipanguse kwa karatasi za jikoni. Watu wanashangaa nikifanya hivyo, wanasema naifuta ladha. Nyama mbichi yenye maji haichomeki, inachemka. Utaona mvuke badala ya rangi. Ladha ya chumvi na thomu imeshakaa. Ng'ombe dakika 2 mpaka 4 kila upande, kutegemea unene, ipate rangi ya kahawia iliyokolea na ncha zilizoungua kidogo. Mapaja ya kuku dakika 5 au 6 kila upande, kisha upande mtupu mpaka yaive kabisa.

Kipima joto cha nyama ni kitu cha bei ndogo, nunueni. Kuku nyuzijoto 74 za Selsiasi katikati. Ng'ombe mamlaka za hapa zinashauri 63 na kupumzika dakika 3. Wageni wangu wengi hawataki kuona wekundu kwa hiyo naifikisha hapo au zaidi kidogo, na ikikatwa vizuri bado inaliwa kwa raha.

Viungo vilivyobaki kwenye beseni la nyama mbichi mwageni. Kama mtu anataka kuvitumia kama mchuzi wa kupaka, avichemshe kwanza vitokote sawasawa. Kibichi kisimwagiwe juu ya nyama iliyoiva, kwenye shughuli ya watu 40 huwezi kucheza na hilo.

Msafiri wa Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasoma kutoka Maskati, asili Unguja. Tuna wageni Ijumaa, watu kama 25. Nina maswali mawili. Tortilla nimesoma zinatiwa mafuta ya nguruwe, nifanyeje? Na hiyo bizari nyembamba ndiyo uzile?

Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ndiyo, uzile ndio huo huo. Ukaange mzima kidogo bila mafuta kisha usage, harufu itakuwa mara mbili.

Tortilla za ngano za asili ni kweli zilitiwa mafuta ya nguruwe. Za dukani nyingi sasa hutiwa mafuta ya mimea, lakini soma karatasi kila mara. Kuzitengeneza nyumbani si kazi kwa mtu anayejua chapati. Unga wa ngano vikombe 3, chumvi kijiko kimoja cha chai, baking powder kijiko kimoja cha chai, siagi au samli gramu 75, maji ya moto kiasi kikombe kimoja. Unasugua samli kwenye unga kwanza mpaka iwe kama mchanga, ndipo unatia maji, unakanda dakika 5, unapumzisha nusu saa. Tofauti na chapati ni kwamba husokoti. Hakuna tabaka. Unasukuma duara jembamba, sentimita 15 au 18, unaoka kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali nusu dakika kila upande. Zinatoka kama 14. Kwa watu 25 zidisha mara 6 upate akiba, na umtafute mtu wa kukusaidia kusukuma.

Kuzitunza zikiwa za moto tunao utaalamu wetu: hotipoti. Panga ndani ya kitambaa safi, funika. Mvuke wake unazilainisha. Kwa 120 natumia sanduku la barafu lile kubwa, bila barafu, nimelitia maji ya moto kwa dakika 10 nikayamwaga nikakausha, kisha natandika taulo safi ndani. Zinakaa moto saa mbili bila shida.

Na kwa joto la huko kwenu kumbuka: chakula kilichoiva kisikae mezani zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzijoto 32 iwe saa 1 tu. Texas mwezi wa sita ni hivyo hivyo. Toa kidogo kidogo.

Ubao wa Nyama

Nimefuatilia uzi huu toka juu, hongera kwa mleta uzi, umeandika kwa moyo. Niko San Antonio mwaka wa 14, nafanya kazi bucha. Nina jambo moja ambalo sikubaliani nalo. Wazee wa huku kusini, wa kando ya mto, mshipi wa nje hawauloweshi kwa chochote. Chumvi, pilipili manga, moto, basi. Ndimu unakamulia ikishaiva. Hiyo sosi ya soya na sukari ni mambo ya mahoteli. Nyama nzuri unaifunika ladha yake.

Mleta uzi

Kaka, wewe unaishika nyama hii kila siku kwa hiyo nakusikiliza. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi mara nyingi napata mshipi wa ndani kwa sababu wa nje unaisha mapema au bei inanishinda nikinunua kilo 6. Wa ndani bila kuloweshwa naogopa. Lakini sijawahi kuzipima upande kwa upande. Mwisho wa mwezi nina wageni 12, nitachoma nusu kwa nusu, mishipi ya ndani yote, nilete majibu hapa.

Mama Kumi

Naomba utupangie siku yenyewe tafadhali. Mimi upishi si tatizo, tatizo langu ni kwamba wageni wakifika mimi bado nina moshi kichwani na sijaoga.

Mleta uzi

Dada, hilo ndilo linalochosha kuliko upishi. Tuseme wageni wanafika saa 10 jioni.

Usiku uliotangulia: vua ngozi nyama, kata mishipi iwe vipande vya urefu wa kiganja, chemsha maharage. Huku wanayapika na vitunguu, nyanya, pilipili na kotimiri, yanakuwa na mchuzi mwepesi, na yakilala yanakuwa matamu zaidi. Kuku aingie kwenye viungo vyake usiku huo, ila mtilie ndimu kidogo sana.

Saa 5 asubuhi: kata pilipili hoho na vitunguu. Vitunguu vikate duara nene, usivichambue, vitachomeka vizima bila kudondokea kwenye makaa.

Saa 6 na nusu mchana: loweka ng'ombe. Kisha kachumbari bila chumvi. Chumvi na ndimu tia dakika 15 kabla ya kula, la sivyo inatoa maji.

Saa 8: washa makaa. Ukaoge.

Saa 8 na nusu: hoho na vitunguu kwenye wavu, mpaka vipate madoa meusi. Kata ukanda ukanda, weka kwenye sufuria lenye mfuniko.

Saa 9 kasoro: kuku. Akiiva weka mzima kwenye sinia, funika, tia ndani ya oveni yenye moto mdogo au sanduku lililopashwa moto. Chakula kinachongoja kisishuke chini ya nyuzijoto 60.

Ongeza makaa. Saa 10 wageni wamefika, wamekunywa juisi, ndipo unaanza ng'ombe. Ng'ombe ni wa mwisho siku zote, na ni kwa mafungu. Kilo moja na nusu kwa wakati mmoja, isirundikane kwenye wavu. Kila fungu lipumzike dakika 5 kabla ya kisu. Fungu la kwanza linapokatwa, la pili liko motoni. Parachichi ponda saa hiyo hiyo, mpe mtu mwingine kazi hiyo.

Na usikate nyama yote kwa pamoja. Iliyokatwa inapoa upesi na kukauka.

Sasa kisu, na hapa ningeomba kila mtu asome mara mbili. Tazama kipande, utaona nyuzi zimelala zote upande mmoja, wazi kabisa kama mistari ya ukili. Kwenye mshipi nyuzi zinakwenda kwa upana, si kwa urefu. Ndiyo maana nasema kata kwanza vipande vya kiganja, kisha kigeuze kila kimoja uone mistari, halafu kisu kiikate mistari, kisifuatane nayo. Vipande viwe vyembamba, nusu sentimita. Ukikosea hapo, hakuna ndimu wala papai litakalokuokoa. Ukipatia, hata nyama iliyozidi moto italika.

Pweza Mkavu

Wakuu narudi na mrejesho. Nilijaribu jana kwa familia, watu 9. Msuli sikuupata, bucha alinipa steki, nikakata bapa. Nililowesha saa 3, papai sikutia. Moto ulikuwa mkali, rangi ilikuja nzuri, harufu mtaa mzima. Lakini ilikuwa ngumu, watoto walitafuna mpaka wakachoka. Chapati zilisifiwa kuliko nyama.

Mleta uzi

Pole mkuu. Kuna iliyobaki?

Pweza Mkavu

Ipo, vipande viwili vizima na bakuli la iliyokatwa.

Mleta uzi

Chukua kipande kimoja kizima, kipashe moto kidogo. Tazama mistari. Kikate katikati, nusu moja ikate kufuata mistari, nusu nyingine uvuke mistari. Onjeni zote mbili.

Mleta uzi

Wakati tunamsubiri Pweza, nalipa deni la kaka wa San Antonio. Jana walikuja wale wageni 12. Kilo 3 za mshipi wa ndani: kilo moja na nusu nililowesha kama kawaida yangu, kilo moja na nusu nilitia chumvi tu usiku uliotangulia, nikaiacha wazi kwenye friji, na kukamulia ndimu baada ya kuikata. Sikumwambia mtu ipi ni ipi.

Kwa ulaini hakuna aliyeona tofauti. Hata mimi niliyejua sikuiona. Ile ya chumvi ilipata rangi haraka zaidi kwa sababu ilikuwa kavu, na ladha ya nyama ilisimama. Ile ya kulowesha watoto waliipenda zaidi kwa ajili ya thomu na sosi ya soya. Sahani mbili ziliisha karibu sawa.

Kwa hiyo narekebisha nilichoandika juu. Kulowesha ni kwa ladha, si kwa kulainisha. Ukiwa na nyama nzuri na usiku mmoja wa kuiacha na chumvi, inatosha, na kwa watu 40 unapunguza kazi ya mabeseni. Kuku nitaendelea kumlowesha. Asante kaka, miaka yote hii nilikuwa naisifia ndimu kwa kazi iliyofanywa na kisu.

Ubao wa Nyama

Safi. Ukipata mshipi wa nje niambie, nitakuonyesha namna ya kuivua ngozi kwa dakika 3 kila mmoja. Unaingiza kisu kwenye ncha, unashika ngozi kwa kitambaa kikavu usiteleze, unavuta huku kisu kimelala.

Msafiri wa Maskati

Tulifanya Ijumaa, alhamdulillahi. Tortilla 84, shemeji zangu wawili walisukuma nami nikaoka. Nilitumia samli. Uzile wa kukaanga umeleta harufu ya ajabu, mzee wetu alidhani tunapika pilau akaja jikoni kuulizia wali.

Pweza Mkavu

Mkuu nimefanya. Kufuata mistari ni ile ya jana, kamba tupu. Kuvuka mistari ni nyama nyingine kabisa, mdogo wangu wa miaka sita amekula vipande vinne. Ni nyama ileile, moto uleule! Miaka minane nakata mishkaki sijawahi kuangalia mistari. Leo jioni nakata yote upya kabla ya kuchoma. Bakuli la jana nalo nilikate tena au limeshaharibika?

Mleta uzi

Kama lililala kwenye friji, likate tena vipande vidogo kuvuka mistari, kaanga na kitunguu na hoho dakika 2, tia ndani ya chapati. Kama lililala nje, mwaga.